Chupa ya kusafisha ini: maswali ambayo kanisa linapaswa kuuliza

Katika masoko yetu ya mashariki mwa Kongo, toka Bunia mpaka Uvira, dawa za miti za "kusafisha ini" zinapata wanunuzi wengi. Zinatangazwa kwenye redio za mtaa, kwenye simu, ndani ya mabasi, na mara nyingine mlangoni mwa kanisa wakati watu wanatoka ibadani. Wauzaji wanasema zinaondoa sumu mwilini, zinamaliza ugonjwa wa manjano, zinamrudishia nguvu mtu aliyemeza vidonge vingi au aliyekunywa kanyanga miaka na miaka. Waamini wanatuuliza sisi wachungaji: Je, tuzitumie? Na wenye chupa nao wanatuomba tuzitangaze toka mimbari.

Tunapojibu swali hili, maisha ya watu yako mikononi mwetu. Mtu ambaye macho yake yamegeuka manjano hana siku nyingi za kupoteza. Tukimwambia "kunywa" na chupa ikamwua, tumeshiriki. Tukimwambia "acha, hayo ni mambo ya kishetani" na hatumwonyeshi njia nyingine, tumemwacha peke yake. Kwa hiyo tutazame mambo yanayojulikana, moja moja.

Kwa nini chupa hizi, na kwa nini sasa?

Hatuwezi kuanza kwa kuwalaumu wanunuzi. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari uliofuata, benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na barabara nyingi zikawa hatari. Dawa zinapochelewa kufika, kituo cha afya kinabaki na kuta, kitanda na muuguzi mwenye moyo mwema. Na hata kabla ya hapo, vijiji vyetu vingi vilikuwa mbali sana na maabara inayoweza kupima damu na kusema kama ini la mtu linaumia.

Mganga wa miti yuko karibu. Anasema lugha ya mgonjwa, anamjua baba yake na babu yake, anakubali kulipwa kuku au deni la mwezi ujao. Mama mwenye mtoto mgonjwa na feza za sabuni tu mfukoni hamfuati mganga kwa sababu ya ujinga. Anafuata mlango ulio wazi. Sisi tunaotaka kumshauri tukumbuke hilo kwanza.

Ini linaumizwa na nini?

Ini liko upande wa kuume, chini ya mbavu. Damu inayotoka tumboni na kwenye matumbo inapita hapo kabla ya kuzunguka mwili mzima. Chakula, pombe, vidonge, na pia dawa ya miti, vyote vinapita mlango huo. Ini linavunja sumu, linatengeneza nyongo, linatengeneza vitu vinavyofanya damu igande mtu akijikata. Linapochoka sana, rangi ya manjano ambayo lingeitoa inabaki katika damu na kuonekana machoni. Kwa hiyo manjano ni alama, sawa vile homa ni alama. Nyuma yake kunaweza kuwa malaria kali, virusi vya hepatiti, pombe, kidonge, jiwe la nyongo, au kansa. Mtu anayeuza chupa moja kwa manjano yote anatibu alama bila kujua ugonjwa.

Kati ya vinavyoumiza maini katika inchi zetu, vingine vinajulikana sana. Kuna virusi vya hepatiti B, ambavyo mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kuzaa, na ambavyo vinaweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kuleta kansa ya ini. Kuna pombe kali. Kuna parasetamoli, kidonge kinachosaidia sana kikimezwa kwa kipimo, lakini mtu akizidisha sana kinaharibu ini ndani ya siku chache. Kuna dawa za kifua kikuu, ambazo zinaokoa maisha lakini kwa wagonjwa wengine zinalemea ini, ndiyo sababu muuguzi anauliza kila mara kuhusu macho na mkojo. Na kuna sumu moja ambayo watu wengi hawaifahamu hata kidogo, nayo iko jikoni: aflatoksini. Hiyo inatokana na kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Kuipika hakuiondoi yote.

Mwaka wa 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu walikula mahindi yenye sumu hiyo. Wagonjwa 317 waliandikwa, na 125 kati yao walikufa. Hiyo ni sumu ikiwa nyingi kwa mara moja. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, inaongoza kwenye kansa ya ini, na kwa mtu ambaye tayari ana hepatiti B hatari inaongezeka mara nyingi zaidi.

Miti ina nguvu, tusikatae

Wako wapendwa kati yetu wanaosema kwamba kila dawa ya miti ni uchawi. Hatukubaliani nao. Mfalme Hezekia alipougua jipu la kufisha, nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu yake, na hakuna aliyemhukumu. Na sisi watu wa Kivu tuna ushuhuda wetu wenyewe: kinkina. Vilima vyetu vimelimwa mti huo tangu wakati wa Wabeljiji, na kiwanda cha Pharmakina pale Bukavu kimetoa kinini kutoka maganda yake. Kinini hicho kimeokoa watu wengi wasiohesabika kutoka malaria. Huko China, Bi Tu Youyou na wenzake walitafuta katika vitabu vya zamani vya tiba ya inchi yao, wakatoa artemisinini katika mmea wa artemisia mwaka wa 1972. Mwaka wa 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Vidonge vya malaria tunavyopewa leo kituoni vina ukoo na mmea huo.

Lakini tutazame vizuri kilichotokea kati ya ganda la mti na kidonge. Watu walipima ni kiasi gani cha kinini kimo katika ganda. Walijua kwamba mti mmoja unacho kingi na mwingine kidogo. Waliweka kipimo kwa uzito wa mwili. Waligundua pia kwamba kinini kikizidi, masikio yanalia na mtu anaweza kuwa kiziwi. Nguvu ilitoka kwa mti, usalama ukatoka kwa kipimo. Chupa ya sokoni inadai nguvu, ila kipimo haina.

Panya si mtu

Wauzaji wengine wanasema: "Wanasayansi wamethibitisha." Si uongo mtupu, lakini ni nusu ya habari. Ni kweli kwamba majani na mizizi mingi imechunguzwa kwa ajili ya ini. Mubirizi, ule mti mchungu ambao karibu kila mama wa Kivu anaujua, umechunguzwa. Moringa pia. Manjano ya kupikia, ambayo wengi huita kurkuma, pia. Mara nyingi uchunguzi unakwenda hivi: panya wanapewa maji ya mmea kwa siku kadhaa, kisha wanapewa sumu, kwa mfano parasetamoli nyingi au kemikali iitwayo kaboni tetrakloridi. Baadaye damu yao inapimwa transaminazi, yaani vitu vinavyomwagika kutoka ini linapojeruhiwa. Panya waliokunywa mmea wakionekana na transaminazi chini kuliko wenzao, mmea unaandikwa kuwa "unalinda ini".

Hiyo ni kazi nzuri ya mwanzo. Lakini tuone tofauti. Panya amekunywa dawa kabla ya sumu. Mgonjwa wetu anakuja baada ya sumu. Panya anajulikana alikula sumu gani na saa ngapi. Mgonjwa wetu hajulikani. Panya wote ni wazima na wa umri mmoja. Mgonjwa wetu ana malaria, njaa, mimba, au vidonge vya kifua kikuu ndani ya mwili. Toka panya mpaka mtu ni safari ndefu, na mimea mingi inabaki njiani.

Mifano miwili inatosha. Wa kwanza ni mmea wa miiba wa inchi za bahari ya Mediterania, Silybum marianum, ambao wanaosema Kifaransa wanauita chardon-Marie. Labda ndio mmea uliochunguzwa kuliko yote kwa ajili ya ini. Kutoka mbegu zake wanatoa silimarini. Huko Ulaya, sehemu yake iitwayo silibinini inatiwa katika mshipa wa mtu aliyekula uyoga wa kufisha uitwao Amanita phalloides, kwa sababu inazuia sumu ya uyoga kuingia ndani ya ini. Mahali hapo dawa inajulikana, kipimo kinajulikana, sumu inajulikana. Lakini silimarini hiyo hiyo ilipojaribiwa Marekani kwa wagonjwa 154 wa hepatiti C, kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha kawaida, matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2012 yalionyesha kwamba haikuwasaidia zaidi ya kidonge kisicho na dawa ndani.

Mfano wa pili unatugusa karibu, kwa sababu mmea huo wa jamii ya Phyllanthus unaota hata kwetu, kando ya njia na kwenye mashamba, mdogo, na mbegu zake zimepangika chini ya majani. Huko India unatumiwa tangu zamani kwa manjano. Baruch Blumberg, mtu aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1976 kwa sababu ya kugundua virusi vya hepatiti B, hakuudharau. Yeye na wenzake waliuchunguza katika maabara, na mwaka wa 1987 waliandika kwamba unazuia kitu kimoja ambacho virusi vinahitaji ili viongezeke. Mwaka uliofuata, uchunguzi mmoja kwa watu ulileta tumaini kubwa. Lakini wengine waliporudia kwa watu wengi zaidi na kwa uangalifu zaidi, tumaini hilo halikusimama. Kilichosimama ni chanjo, ambayo ilitokana na ugunduzi wa Blumberg huyo huyo.

Jina zuri si ushuhuda

Wauzaji wanapenda kusema: "Ni mti tu, hauwezi kudhuru." Neno hili limeua watu. Huko Afrika ya Kusini kuna mzizi ambao Wazulu wanauita impila, na maana ya jina hilo ni "afya". Familia ziliutumia kwa kikohozi, kwa tumbo, kwa kuwatia watoto nguvu. Madaktari wakaona watoto na watu wazima wakifika hospitalini na ini lililokufa na figo zilizosimama, wengine wakafa ndani ya siku chache tu. Waliowapa hawakuwa wachawi. Walikuwa mama na bibi waliowapenda.

Hata mmea wa chakula unaweza kubadilika. Kurkuma ndani ya mchuzi ni kiungo. Lakini ikikamuliwa na kukusanywa kuwa dawa nzito, si kitu kilekile tena: huko Italia, mwaka wa 2019, serikali ilichunguza wagonjwa wa ini waliokuwa wamemeza vidonge vya kurkuma. Tofauti kati ya sahani na chupa ni kiasi. Zaidi ya hayo, katika inchi mbalimbali wakaguzi wamekuta dawa zinazoitwa za miti zikiwa zimechanganywa kwa siri na vidonge vya kiwandani, ili mgonjwa ahisi nafuu haraka na arudi kununua.

Tunaposoma Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, tunaona jambo linalofanana na letu. Ilikuwa wakati wa njaa. Mtu mmoja kati ya wanafunzi wa manabii alitoka kuchuma mboga, akakuta matango ya porini, akayakatakata na kuyatia chunguni bila kuyajua. Hakuwa na nia mbaya; alitaka ndugu zake wale. Walipoonja wakapiga kelele kwamba kuna mauti ndani ya chungu. Katika habari ile, waliosema walisikilizwa. Hakuna aliyewaambia kwamba wanakosa imani, na hakuna aliyewalazimisha waendelee kula kwa sababu chungu kilipikwa katika nyumba ya manabii.

Ulinzi ambao umepimwa

Je, basi hakuna kitu kinacholinda ini? Kipo, na si cha gharama kubwa sana.

Huko China kuna wilaya iitwayo Qidong, ambako kansa ya ini iliua watu wengi sana. Watu wa huko walikula mahindi yenye aflatoksini, na wengi walikuwa na hepatiti B. Wanasayansi walijaribu kitu kinachotokana na rangi ya kijani ya majani: watu 180 waligawanywa katika makundi mawili, na baada ya miezi minne waliokunywa kitu hicho walionyesha alama za madhara ya aflatoksini pungufu kwa 55 kwa mia. Huo ni ulinzi wa kweli utokao kwa mimea, na tunaufurahia. Lakini hata kabla ya jaribio hilo, vifo vya kansa ya ini vilikuwa vimeanza kupungua huko Qidong, na waliochanjwa utotoni walikuwa hawajafika umri wa kuugua kansa hiyo. Sababu kubwa iliyoonekana ni kwamba watu waliacha mahindi na kula mchele. Kubadilika kwa chakula kulifanya kazi ambayo hakuna chupa iliyoweza kuifanya.

Mfano mwingine unatoka Afrika, huko Gine, jimbo la Kindia. Katika vijiji kumi, wakulima walifundishwa mambo mepesi juu ya karanga: kuchambua kwa mkono na kutupa zilizooza au kuvunjika, kuanika juu ya mikeka badala ya udongo mtupu, kujua namna ya kuona kama zimekauka kabisa, kuweka katika magunia ya nyuzi za asili, na kuyapandisha magunia juu ya mbao yasiguse chini. Vijiji vingine kumi viliendelea na desturi yao. Baada ya miezi mitano, damu ya watu ilipimwa. Katika vijiji vilivyofundishwa, alama ya aflatoksini ilikuwa chini ya nusu ya ile ya vijiji vingine. Mkeka, mbao, gunia na macho ya mama anayechambua vililinda maini ya watu.

Ulinzi wa tatu ni chanjo. Watoto wetu wanapewa chanjo yenye hepatiti B ndani yake kwenye wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Shirika la Afya Duniani linashauri pia mtoto apewe moja ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa. Mama anayekatiza chanjo za mtoto na baadaye kununua chupa ya ini amelipa mara mbili na kupokea mara moja tu, au hakupokea kitu.

Kanisa lifanye nini?

Kwanza, mimbari isiuze dawa. Mchungaji anapotangaza chupa, waamini hawasikii maoni ya mtu. Wanasikia sauti ya kanisa. Anayetaka kuuza auze sokoni, ambako mnunuzi anajua kwamba anazungumza na mfanyabiashara.

Pili, tuwafundishe watu wetu kuuliza maswali machache kabla ya kunywa. Mti huu ni upi, jina lake ni nani? Sehemu gani imetumika: jani, ganda au mzizi? Kipimo ni kiasi gani, na kwa mtoto je? Nani hapaswi kunywa? Kama mgonjwa hapati nafuu, muuzaji anasema afanye nini? Muuzaji anayekasirika kwa maswali haya amekwisha kujibu. Na dawa inayotibu ini, sukari, uzazi na mikosi kwa pamoja haijui hata moja.

Tatu, mtu anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi asiongeze dawa ya miti bila kumwambia muuguzi, na asiache vidonge vyake kwa ajili ya chupa. Macho yakiwa manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai kavu, tumbo likivimba, mtu akitapika damu, au akianza kuchanganyikiwa na kulala mchana bila sababu, asibaki nyumbani. Aliyemeza parasetamoli nyingi naye asingoje alama: dawa inayoizuia ipo, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane za kwanza. Hapo shemasi atafute pikipiki au tipoyi, na kikundi cha wamama kitafute feza za njia. Maombi yaende pamoja na mgonjwa barabarani.

Nne, wauguzi wetu wasiwatukane wagonjwa. Mgonjwa akiogopa kutukanwa ataficha alichokunywa, na muuguzi atatibu gizani. Inafaa tuzungumze pia na waganga wa miti wa mtaa wetu, wale waaminifu wanaojua mpaka wao. Mganga anayesema "huyu hapana, mpelekeni hospitali" ni mtu wa kuheshimiwa, na wako wengi.

Tano, na hili tunaweza kulianza hata vita ikiwa bado: kila parokia ina kiwanja, ina paa, ina watu. Wakati wa mavuno ya karanga na mahindi, kiwanja cha kanisa kiwe mahali pa kuanika juu ya mikeka na maturubai, na mvua ikinyesha vitu viingizwe ndani. Kikundi cha wamama kifundishane kuchambua. Karanga zenye kuvu zisisagwe kwa ajili ya watoto, wala zisiuzwe kwa jirani kwa bei ndogo, wala zisipelekwe kwa watu wa kambi za wakimbizi kama sadaka. Kumpa mwenye njaa kitu ambacho sisi wenyewe hatuwezi kukila si ukarimu.

Hatujui ni lini barabara zote zitafunguka na dawa zitafika tena kwa wingi. Wanaopigania miji yetu hawatuulizi. Lakini katika kijiji ambacho hakijaona daktari mwaka mzima, mtu anaweza bado kuchambua karanga zake vizuri, kupeleka mtoto kwenye chanjo siku timu inapopita, kukataa kanyanga, kuhesabu vidonge vyake, na kumwambia muuguzi ukweli wote juu ya alichokunywa. Ini lake litalindwa na mambo hayo, na hakuna hata moja kati yake linalouzwa ndani ya chupa.